Jangwani Arizona na tela: maji ndiyo yatakayokurudisha mjini

Kila baridi ikianza, jamaa zetu wa hapa Phoenix wanaoona picha zetu za jangwani tukilala kwenye tela, ile nyumba ndogo inayokokotwa na gari, huniuliza maswali yaleyale. Umeme mnapata wapi? Jenereta ya ukubwa gani? Paneli ngapi za sola? Nami huwauliza: maji machafu mtayaweka wapi? Umeme una dawa yake, kwa kuwa jua lipo na halilipiwi. Kinachomfanya mtu afunge tela na kuondoka kabla ya siku alizopanga ni maji. Ama masafi yamekwisha, ama machafu yamejaa.

Kwa wasioijua safari hii, nieleze kidogo. Sehemu kubwa ya ardhi ya umma magharibi mwa Marekani iko chini ya Bureau of Land Management, yaani BLM, idara iliyoundwa 1946. Inasimamia takriban hekta milioni 99, eneo linaloizidi Tanzania nzima na maziwa yake. Mahali pengi katika ardhi hiyo unaruhusiwa kuegesha tela lako na kulala bila kulipa senti, kwa kawaida siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, halafu uhame. Hakuna bomba, hakuna pa kuchomeka waya wa umeme, hakuna shimo la kumwagia uchafu.

Sisi hupenda pande za Quartzsite, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa California, kati ya Novemba na Machi. Kiangazi nawasihi msiende. Joto linapita nyuzi 40 siku baada ya siku, na kiyoyozi cha tela si kitu cha kuendeshwa na betri mbili.

Tela la kawaida la familia lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sabuni yanayotoka jikoni na bafuni, na la choo. Chukua mfano wa tela lenye lita 150 za maji safi na lita 110 za maji ya sabuni. Hesabu hiyo ina mtego. Hata ukibeba madumu ya akiba, tangi la sabuni litajaa kabla masafi hayajaisha, na bafu litaanza kurudisha maji miguuni mwako. Kuyamwaga mchangani usifikirie, hata kama jirani anafanya hivyo usiku. Ni kosa katika maeneo mengi, yananuka, yanaita wanyama, na ndiyo sababu sehemu nyingine nzuri zimefungwa moja baada ya nyingine. Ardhi hii tunaipata bure kwa sababu waliotutangulia waliitunza. Jambo hili linaniumiza kweli.

Kwa hiyo kazi yote ni kupunguza maji yanayopita kwenye mfereji. Hapo sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna elimu tusiyoithamini. Bomba la mvua la tela hutoa lita tano au zaidi kwa dakika, na kabla maji ya moto hayajafika umeshamwaga lita kadhaa za baridi. Mtu aliyezoea kuoga kwa ndoo na kopo anatoka msafi kwa lita nne. Chemsha sufuria moja kwenye gesi, changanya ndani ya ndoo, simama bafuni, jimwagie, jisugue, jisuuze. Anayetawadha kwa birika naye yuko mbele ya wengi, kwani udhu wa kibaba kimoja unamtosha kabisa.

Shangazi yangu alipotutembelea kutoka Tanga, tulimchukua jangwani. Siku ya kwanza alitazama watoto wakiosha sahani chini ya bomba, akasema, "Jamani wanangu, maji yote haya kwa sahani nne?" Kuanzia hapo alitwaa jiko. Sahani zilipanguswa kwanza kwa karatasi, mchuzi wote ukaenda kwenye mfuko wa taka. Kisha mabeseni mawili madogo: moja lenye sabuni na maji ya moto kiasi cha kufunika kiganja, la pili la kusuuzia. Vikombe kwanza, halafu vijiko, halafu sahani, sufuria la wali mwisho kabisa baada ya kulowekwa kwa maji ya kusuuzia. Yale ya sabuni hayakumwagwa kwenye sinki. Aliyachukua na beseni lake akayamimina chooni badala ya kutumia maji safi. Hapo ndipo kuna faida kubwa, kwa sababu tangi la choo huwa na nafasi wakati la sabuni linakaribia kufurika, na choo chenyewe kinahitaji maji ya kutosha ili uchafu usigande chini. Asubuhi alitoa dumu jeusi akaliweka juani upande wa kusini wa tela. Alasiri maji yalikuwa vuguvugu bila gesi.

Taa zinazoonyesha kiwango cha matangi msiziamini sana, hasa ya choo. Karatasi hunata kwenye vipimo na taa inasema limejaa wakati bado. Jifunzeni tela lenu kwa kuhesabu ndoo.

Maji safi yakibebwa kutoka mjini ni mzigo: lita 150 ni kilo 150. Ni afadhali kujaza karibu na kambi ikiwezekana, kisha kuongeza kwa madumu. Kusini mwa Quartzsite kuna La Posa, eneo la BLM la wakaaji wa muda mrefu kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Lina ada, lakini lina maji na mahali pa kumwagia. Kwa familia inayojaribu mara ya kwanza, ningewaambia waanzie hapo.

Umeme sasa. Usiku wa jangwani unaweza kukaribia sifuri, na hita ya gesi ya tela ina feni inayokula ampea saba hivi kila inapozunguka. Ikizunguka jumla ya saa sita, zimekwenda zaidi ya ampea-saa 40, na betri moja ya kawaida hubeba kama 100, na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Punguzeni hita, ongezeni mablanketi. Paneli nazo msiziache zimelala juu ya paa. Kwetu pwani jua la saa sita liko utosini, lakini Quartzsite mwishoni mwa Desemba linafika nyuzi 33 tu juu ya upeo. Ziinueni zitazame kusini, mtaona tofauti siku hiyohiyo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri: jiko la mkaa lisiingie ndani ya tela. Najua baridi inavyouma alfajiri, na najua wengine wana jiko lao la kuchomea nyama na makaa bado mekundu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na tela ni chumba kidogo kilichofungwa. Familia nzima inaweza isiamke. Jenereta pia iwekwe mbali na madirisha. Jaribuni king'ora cha gesi hiyo kabla ya kila safari, mbonyeze kitufe chake mkisikie kikilia kwa masikio yenu.

Kuhusu mahali pa kuegesha, jambo moja linatangulia mengine yote. Mkiona njia pana ya mchanga laini, tambarare, yenye vivuli vya miti pembeni, msilale humo. Huo ni mkondo wa mto mkavu. Mvua ikinyesha milimani, hata kama juu yenu kuna nyota tupu, maji yanaweza kuteremka humo kwa ghafla. Tafuteni mwinuko wa changarawe ngumu ambao wengine walishaegesha, na mtu atembee barabara yote kwa miguu kabla tela halijaingia, kwa sababu kugeuza tela kwenye mchanga ni shughuli. Angalieni pia ramani: ardhi ya jimbo la Arizona inahitaji kibali chake, na hifadhi ya Kofa iliyo jirani inaruhusu siku 14 katika miezi 12. Kwa wenye watoto, bebeni kitana. Miiba ya dungusi aina ya cholla hushika nguo na ngozi, na kuichomoa kwa vidole ni kuihamishia kwenye vidole.

Siku ya kwenda mjini kujaza madumu, pitieni makaburini Quartzsite. Kuna piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia juu yake. Hapo amelala Haji Ali, mchunga ngamia aliyekuja 1856 jeshi la Marekani lilipojaribu ngamia katika majangwa haya. Alifariki 1902. Wenyeji humwita Hi Jolly. Sisi hupita kumsomea Fatiha.

Mkifika mahali pa kumwagia uchafu, vaeni glavu. Fungueni tangi la choo kwanza, liishe kabisa, ndipo mfungue la sabuni ili maji yake yasafishe bomba. Bomba la kusuuzia lililo hapo si la kunywa, hata kama maji yake yanaonekana safi. Hosi ya maji ya kunywa ikae kwenye mfuko wake, upande mwingine wa tela, na aishike mtu ambaye hakugusa kazi hii.