Swali la Lugha: "Shujaa wa kimapenzi" ndiye nani?

SWALI: Katika maandishi ya fasihi nakutana na "shujaa wa kimapenzi", "shujaa wa kiromantiki" na "mhusika wa kilimbwende". Ni mtu mmoja? Nitumie lipi? – Mwanafunzi, Morogoro.

JIBU: Tumia la katikati, kwa maana ya mhusika wa mkondo wa fasihi ya Ulaya uitwao Uromantiki (wengine huuita Ulimbwende). Hilo la kwanza litupe jalalani.

Gazeti likiandika kwamba fulani na fulani wana "uhusiano wa kimapenzi", hakuna msomaji anayedhani wanatungiana mashairi. Sasa "shujaa wa kimapenzi" atakuwa nani kama si bingwa wa kutongoza?

Mtazame Pechorin, katika riwaya ya Mrusi Lermontov, Shujaa wa Zama Zetu (1840). Anamtamani Bela, binti wa huko milima ya Kaukazi. Hapeleki posa. Anamrubuni Azamat, nduguye Bela: niletee dada yako, nitakupatia farasi wa Kazbich. Dada kwa farasi, biashara ikaisha. Miezi michache tu, bwana kamchoka, yuko zake porini anawinda. Kazbich, mwenye farasi wake, anamchoma Bela kisu, na binti anakufa. Kabla ya hayo, ingawa kitabu kinayasimulia baadaye, Pechorin alimwandama Mary, binti wa kikabaila, hadi apendwe. Alipopendwa akamwambia usoni kwamba alikuwa akimcheka. Njiani alikuwa keshamuua rafiki yake Grushnitsky kwa bastola. Haya, mapenzi yako wapi hapo? Na ushujaa?

Kinachomfanya awe wa kiromantiki ni upweke, kiburi, akili inayojitafuna yenyewe, na kuidharau jamii iliyomlea. Ukitaka kumpima mhusika wa aina hii, mwondolee mpenzi wake. Akibaki mzima, ni wa kiromantiki. Childe Harold, katika shairi la Mwingereza Byron (1812), anazurura Ulaya na huzuni yake, wala hamtegemei mwanamke yeyote ili hadithi isonge. Asiyebaki na kitu ni mhusika wa hadithi ya mapenzi, mwite hivyo.

Asili ya neno "romantiki" ni Kifaransa cha kale: romanz, hadithi iliyotungwa kwa lugha ya watu badala ya Kilatini. Mahaba yalidandia baadaye.

"Ulimbwende" ni chaguo la wahakiki wengi, nami nimechoka kubishana nao. Ila mlimbwende ni mtu wa kujipamba, na kwa magazeti ya Tanzania walimbwende ni warembo wanaowania taji. Ukiandika "Pechorin ni mlimbwende", usishangae msomaji akiuliza alishika nafasi ya ngapi.

Wapo wanaoniambia tuseme "stelingi" tumalize. Neno tamu, nalipenda. Lakini vibanda vya video vilitufundisha kwamba stelingi hafi, na Werther, katika riwaya ya Mjerumani Goethe (1774), anajipiga risasi ya kichwa usiku, kwa bastola ya kuazima, tena ya mume wa mwanamke anayempenda, halafu anakata roho kesho yake saa sita mchana.