Draiva ya modemu imegoma baada ya keneli kubadilika

SWALI: Mhariri, salaam. Kompyuta yangu ina Ubuntu 22.04. Modemu yangu ya USB ilikuja na msimbo wa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa), nikaukompaili mwenyewe, yaani nikaugeuza kuwa programu inayoendeshwa na mashine, na ikafanya kazi vizuri. Tangu keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ilipopanda hadi 6.5, `insmod`, amri ya kupakia draiva, inajibu "Invalid module format", na nikiendesha `make`, amri ya kujenga draiva, upya inakatika ikisema haiitambui `-ftrivial-auto-var-init=zero`. Rafiki yangu anasema nilazimishe kwa `modprobe --force`. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni matatizo mawili, na la kwanza ni jepesi. Kila moduli (kipande kinachopakiwa ndani ya keneli, kama draiva yako) hubeba lebo ya keneli iliyotengenezewa; andika `modinfo -F vermagic` ikifuatiwa na jina la faili lako la `.ko`, kisha ulinganishe na jibu la `uname -r`. Lebo yako bado ni ya keneli ya zamani, kwa hiyo hakuna budi kukompaili upya.

Hapo ndipo unapokutana na la pili. Fungua `/proc/version` na utaona kwamba keneli yako ya 6.5 ilijengwa kwa toleo la 12 la gcc, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, ilhali `gcc --version` itakuonyesha 11, ambayo ndiyo kompaila ya kawaida ya Ubuntu 22.04. Mipangilio iliyohifadhiwa pamoja na vichwa vya keneli (mafaili yanayohitajika kujengea moduli) inaagiza swichi ambayo gcc 11 haijawahi kuisikia, nayo inasimama palepale. Sakinisha kompaila inayolingana, ufute mabaki ya jaribio lililokwama, kisha ujenge upya ukiitaja kwa jina:

`sudo apt install gcc-12 linux-headers-$(uname -r)`
`make clean`
`make CC=gcc-12`

Sikushauri ubadilishe gcc ya mfumo mzima kwa ajili ya draiva moja. Kuitaja kwenye `make` kunatosha.

Rafiki yako mshukuru, ila ushauri wake usiufuate. Kulazimisha huondoa ukaguzi wa lebo tu, hakubadilishi kilichomo ndani ya moduli. Zamani, gcc 2 ilikuwa na hitilafu katika miundo ya data isiyo na kitu ndani, hivyo watunzi wa keneli wakaijazia kufuli ya `spinlock_t`, kwenye kompyuta za prosesa moja, namba waliyoipa jina `gcc_is_buggy`. Gcc 3 haikuihitaji. Moduli ya kompaila moja na keneli ya nyingine zilihesabu ukubwa tofauti wa muundo uleule, kila upande ukaandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, na ndiyo maana enzi hizo lebo ilitaja hata toleo la gcc. Mimi mwenyewe niliwahi kulazimisha moduli ya modemu, na kompyuta iliganda kabla sijamaliza kuandika `dmesg`, amri ya kuonyesha ujumbe wa keneli.

Ikiwa baada ya kujenga utaambiwa "Key was rejected by service", hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa kuwasha kompyuta, inayodai saini ya moduli, kompaila haihusiki.

Lakini kabla ya kuanza, chomoa modemu, uichomeke tena, usome mistari ya mwisho ya `sudo dmesg`. Draiva `qmi_wwan` imo ndani ya keneli tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, na `cdc_mbim` tangu 3.8. Jina mojawapo likijitokeza hapo, jaribu kwanza kuunganisha kwa kutumia ModemManager, programu ya kusimamia modemu, na ule msimbo uliokuja na modemu uuache ulivyo.