Nani alikuwa juu ya dari?

Mwanangu mpendwa,

Wiki iliyopita uliniuliza kwenye simu, tena kwa hasira, kwa nini katika hadithi za tamaa, za Biblia na za hao Wagiriki mnaosoma chuoni, mtego ni mwanamke kila mara. Nikanyamaza. Swali hilo ninalo tangu nina miaka kumi na minne.

Mwaka huo mhubiri mgeni alitukalisha wasichana wa kwaya akatueleza habari za Bathsheba, yule mwanamke aliyechukuliwa na mfalme Daudi: eti alipanda juu ya nyumba akaoga makusudi, mfalme amwone. Nilirudi nyumbani nikatundika kanga mbili kwenye bafu letu la uani, maana bati moja lilikuwa na tundu la msumari. Bibi yako akaniuliza kulikoni. Nilipomsimulia akasema, "Na huyo mfalme alikuwa anatafuta nini huko juu?"

Fungua 2 Samweli 11. Aliyekuwa juu ya dari ni Daudi. (Biblia ya Union ya 1952 inasema "dari", usifikirie jipsamu, ni paa bapa la kutembelea, kama la nyumba za kale za Lamu.) Bathsheba alikuwa wapi, hatuambiwi. Tunaambiwa alikuwa anajitakasa, basi, kama sheria yao ilivyotaka. Ulikuwa msimu wa wafalme kwenda vitani, jemadari wake Yoabu na jeshi wako Raba, mji wa Waamoni, na Daudi yuko Yerusalemu anaamka kitandani jioni. Akamwona. Sawa, macho hayana pazia. Akauliza ni nani, akajibiwa: binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti. Hapo ndipo ninapokwama kila nikisoma, kwa sababu jibu lilishamfikia kabla hajatuma watu wakamchukue. Na wajumbe wa mfalme wakikupigia hodi, mumeo yuko vitani, utawaambia nini? Sura nzima, ujumbe wa Bathsheba ni mmoja tu: ana mimba. Uria naye akabebeshwa barua ya kifo chake mwenyewe ampelekee Yoabu.

Kisha nabii Nathani akamjia Daudi na kisa cha tajiri mwenye makundi ya mifugo na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekuwa akinywea kikombe cha bwana wake na kulala kifuani pake. Tajiri akapata mgeni, akamchukua yule yule wa maskini akamwandalia. Niambie, mama, nani aliwahi kumlaumu kondoo?

Sisemi wanawake hawatamani. Mke wa Potifa yupo, Mwanzo 39, kamng'ang'ania Yusufu hadi kijana akakimbia akamwachia vazi mkononi. Lakini angalia nani ni nani mle ndani: yeye ni mke wa bwana, Yusufu ni mtumwa wa kununuliwa. Aliyeingia gerezani unamjua. Kwa hiyo mimi siku hizi, nikisoma hadithi ya tamaa, kabla ya kuuliza nani mwanamke, nauliza nani ana watu wa kutuma.

Hawa wa Edeni simmalizi leo. Ila "kula tunda" kama mtaani wanavyolisema silioni kwenye Mwanzo 3:6. Mti ule ulikuwa wa kutamanika kwa maarifa. Na wale Sirens wako, waimbaji wa kisiwani waliowavuta mabaharia kwa nyimbo hadi wakafa, mshairi wao Homer hasemi hata sura zao zikoje! Wanachomwahidi nahodha Odysseus ni kujua, yote yaliyotokea kwenye vita vya Troy na yote yanayotokea duniani. Naye alikuwa anajijua. Akawaziba mabaharia masikio kwa nta, yeye akafungwa kwenye mlingoti. Nampendea hilo: kamba aliitaka kwa mwili wake mwenyewe, hakutuma mtu akawazibe midomo waimbaji.

Zile kanga bibi yako alizishusha kesho yake asubuhi, zilikuwa zake na alikuwa anakwenda msibani. Tundu akaliziba kwa lami.

Mama yako