Muulize Shangazi Msafiri: Siku moja Ninh Binh

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, natokea Ifakara. Mwishoni mwa Mei nitakuwa Hanoi, Vietnam, kwa kozi fupi, na nitabakiwa na siku moja ya kutembea na begi langu la mgongoni. Wenzangu wanasema niende Ninh Binh nikaone mto na mahekalu. Kuna basi la watalii linalotoka Hanoi asubuhi, linazungusha sehemu nne, jioni linakurudisha. Linafaa? Halafu sijui kuogelea, na mama yangu ni mzee wa kanisa, hataki hata kusikia neno hekalu. – M.K.*

Marahaba, mwanangu. Basi hilo liache. Nililipanda mwenyewe mara ya kwanza, na ninachokumbuka vizuri ni kisogo cha abiria wa mbele. Mahekaluni tulipewa dakika 40, tukalishwa harakaharaka, tukaingizwa mtumbwini jua la saa saba, kisha tukaelekezwa ngazi za Hang Mua, karibu 500, zinazopanda hadi kwenye joka la mawe lililolala mgongoni mwa mlima. Mimi niliishia katikati, nimekaa chini, viatu mkononi. Joka nililiona mkia.

Ninh Binh iko kama kilomita 95 kusini mwa Hanoi, treni saa mbili na ushei. Panda treni jioni ya kuamkia siku yako, ukalale kijijini Tam Coc. Nyumba za wageni za bei ya mkoba wetu zipo tele. Saa moja asubuhi uwe gatini, maana mabasi ya Hanoi huanza kumwaga watu kuanzia saa nne. Ukiwa peke yako tafuta mwenzako wa kugawana naye mtumbwi, la sivyo utaulipia mzima.

Tam Coc maana yake ni mapango matatu. Mto Ngo Dong umetoboa majabali ya chokaa ukapita chini yake, na pango la kwanza lina urefu wa mita 127. Humo unainamisha kichwa, dari linakudondoshea matone shingoni, na sauti inayobaki ni ya makasia. Mpiga makasia wangu alikuwa mama wa makamo aliyeegemea nyuma kama yuko kibarazani kwake, akasukuma makasia kwa nyayo za miguu. Mikono ilikuwa na kazi nyingine: alikuwa anamenya chungwa. Pango la mwisho ndipo mitumbwi inapogeuzia, na wapo akina mama wa kuuza vinywaji watakaokuhimiza umnunulie mpiga makasia wako. Nilinunua soda. Akaisukuma chini ya ubao bila kuifungua, nikajua itarudi dukani kesho. Mume wangu alinuna. Mimi naona soda ukishampa mtu ni yake.

Kuhusu kuogelea, utapewa jaketi la kuokolea, livae. Mto wenyewe umetulia, na sehemu nyingi unaona majani yamelala chini ya maji. Pande zote mbili ni mpunga, na mwishoni mwa Mei utakuwa umeiva, wa njano hadi kwenye miguu ya milima. Najua, mtoto wa Ifakara utaniuliza kama nimekutuma mbali kote huko ukaangalie mpunga. Nenda tu.

Ukishuka, kodi baiskeli uende pagoda ya Bich Dong, yaani hekalu la Wabudha, haifiki nusu saa. Imejengwa mlimani kwa ngazi tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kutoka ya kati kwenda ya juu unapita gizani ndani ya pango lenye harufu ya udi. Magoti na mabega yafunikwe. Kanga yangu ilitosha, na bibi mmoja aliyekuwa akifagia aliishika pindo akaisugua kwa vidole, kama wanavyofanya wanunuzi pale Kariakoo. Kizingiti kiruke, usikikanyage.

Alasiri, nguvu zikiwepo, chukua pikipiki hadi Hoa Lu. Palikuwa mji mkuu kuanzia mwaka 968 hadi 1010, mfalme Ly Thai To alipouhamishia pale inapoitwa Hanoi leo. Mwambie mama kwamba mahekalu mawili ya pale ni ya kuwakumbuka wafalme, Dinh Tien Hoang na Le Dai Hanh. Wa kwanza aliuawa mwaka 979, na malkia wake, Duong Van Nga, akamvika jemadari, ndiye huyo Le Dai Hanh, vazi la kifalme, kisha akawa mke wake. Sanamu ya mama huyo iko katika hekalu la mume wa pili. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Nani aliamua asiwekwe kwa wa kwanza, na walibishana vipi?

Hang Mua na Trang An ziache kwa safari nyingine. Trang An peke yake ni saa tatu mtumbwini.

*Shangazi, mimi Muislamu. Huko Ninh Binh nitakula nini? – H.A., Mombasa*

Mbuzi ndio sifa ya mji, ila hutajua kachinjwaje. Tafuta kibao kilichoandikwa *cơm chay*, mlo usio na nyama, hupatikana karibu na mapagoda. Lakini sauti yako isipande, kwani *cơm cháy* ni kitu kingine: ukoko. Ndiyo, ukoko wa wali tunaogombania sufuriani, wenzetu wanaukausha, wanaukaanga na kuuuza dukani. Niliagiza wa kwanza nikaletewa wa pili, umemwagiwa mchuzi wa mbuzi. Mchuzi nikausogeza pembeni, ukoko mkavu nikaubeba kwenye begi. Ulifika Tanga umesagika wote, na watoto waliulamba kwa vidole.