Chanuo au vidole? Chambua kwanza, ndipo uchane

Swali: Hujambo dada msusi? Niko Nakuru, upande wa Lanet. Miaka miwili iliyopita nilikata nywele za dawa nikabaki na zangu za asili, kipilipili hasa. Mwezi jana nilifumua rasta nilizokaa nazo wiki kumi. Kichwa kilikuwa kinawasha, kwa hivyo niliosha siku hiyohiyo kabla hata ya kuchana. Kisogoni zikashikana kama kipande cha blanketi, na nilipopitisha chanuo zikatoka kiganja kizima. Nililia. Rafiki yangu ananiambia nitupe chanuo na brashi, eti nywele zetu zinataka vidole tu. Ni kweli? Na je, nichane zikiwa kavu au zikiwa na maji? Nina pia binti wa miaka saba ambaye akiona chanuo tu anakimbilia kwa nyanya yake. – Mama wa Lanet

Jibu: Sijambo, mama, na pole sana. Hicho kiganja kizima ndicho kilichokutisha, basi tuanze nacho.

Kichwa cha mtu mzima huangusha nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Ndivyo kilivyoumbwa. Zikiwa wazi, zinadondoka bafuni, kwenye mto, kwenye kola, wala huzioni. Ukisuka, zinang'oka vilevile, ila hazina pa kuangukia kwa sababu zimefungwa ndani ya rasta. Wiki kumi ni siku 70. Piga hesabu: nywele 3,500 kwa uchache, 7,000 kwa wingi. Siku ya kufumua zinataka kutoka zote kwa pamoja. Kama lile bonge bado unalo (wateja wangu wengi huliweka kwenye karatasi waje kunionyesha), toa unywele mmoja uuweke juu ya kitambaa cheusi. Ukiona kitone cheupe kwenye ncha moja, huo uling'oka wenyewe, pengine kitambo. Ukiona ni kipande kifupi kisicho na kitone popote, umekatika, na hapo ndipo mkono wako una kesi ya kujibu.

Kwako nadhani utakuta vyote viwili, na sababu yake ni ule uoshaji wa kwanza.

Ulipokuwa unafumua, kila rasta ilipokaribia kwisha uliona kipete cha kijivu kimeshikilia nywele, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ngozi. Hapo ndipo rasta ilipoanzia siku uliposukwa. Nywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hivyo kipete kimesukumwa mbali na ngozi. Ni vumbi, jasho, mafuta na ngozi iliyobanduka, vyote vimegandamana na zile nywele zilizong'oka. Kipete hicho kikiwa kikavu kinavunjika kwa vidole viwili. Kikipata maji na povu, na juu yake mikono inayosugua kwa duara kama inafua soksi, kinageuka gundi.

Wewe uliyeko Nakuru huenda humpari samaki mara nyingi kama sisi wa Kisumu, lakini ngege unamjua. Mpapase kutoka kichwani kwenda mkiani: laini. Rudi kutoka mkiani kwenda kichwani: magamba yanakukwaruza. Unywele nao una magamba, madogo mno kuonekana kwa macho, yamelalia upande wa ncha. Zikiwa zote zimeota kichwani, magamba yanaelekea upande mmoja na yanapishana vizuri. Unywele ulioachia ngozi ni habari nyingine. Unazunguka, unageuka kichwa chini, magamba yake yanakutana na ya jirani uso kwa uso, yananasana. Ukiongeza maji, sabuni na kusugua, unasogea kidogokidogo bila kurudi nyuma, kwa kuwa magamba yanauruhusu upande mmoja tu. Sweta ya sufu halisi ikifuliwa kwa nguvu katika maji ya moto hurudi ndogo na ngumu kwa sababu hiyohiyo. Kile kipande cha blanketi kisogoni mwako kilitengenezwa hivyo.

Najua kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kukitengeneza. Nikiwa bado mwanagenzi kwenye saluni moja hapa Kisumu, nilimpeleka mteja kwenye sinki na rasta za miezi mitatu zimetoka kufumuliwa muda huohuo. Nilitaka kuonekana mwepesi wa kazi. Tulikaa na kichwa kile kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi, na bado nyuma ya sikio la kushoto ilibidi makasi yaingie. Mwenye saluni hakunipigia kelele. Alinipa tu ufagio.

Sasa rafiki yako na vidole. Ana haki nusu. Kuna kazi mbili zinazochanganywa hapa: kuchambua na kuchana. Unamjua mama wa sokoni anayechambua mrenda? Havuti lundo zima. Anashika tawi moja, anatoa jani, anaweka kando. Kazi hiyo ni ya vidole, kwa sababu kidole kinahisi fundo kabla hakijalikaza. Chanuo halihisi kitu. Likikuta fundo linalisukuma mbele, linalikutanisha na fundo la pili, na yote mawili yanakuwa moja kubwa karibu na ncha, pale ambapo nywele ni kuukuu na dhaifu kuliko popote.

Lakini ukibaki na vidole peke yake, mwezi baada ya mwezi, nywele zilizong'oka hazitoki zote. Kati ya kidole na kidole kuna nafasi pana na zinajificha humo. Nimepokea wateja waliokula kiapo cha vidole tu: kwa juu nywele zinapendeza, ukiingiza mkono ndani unakuta mizizi imefungamana kama nyasi chini ya mkeka. Kwa hivyo chanuo usilitupe. Liache lingoje zamu yake. (Na anayesema kuchana ni mambo ya kuletewa, mwambie kwamba machanuo ya meno marefu, ya mfupa na pembe za ndovu, yamefukuliwa kwenye makaburi ya Misri na Sudan ya kale, mengine yana zaidi ya miaka 5,000.)

Fanya hivi safari ijayo. Siku ya kufumua usikimbilie sinki. Kila rasta unayoifumua, vunja kile kipete papo hapo kwa kukisugua kati ya kidole gumba na cha shahada ukiwa na tone la mafuta, ya nazi au yoyote mepesi uliyo nayo. Kisha shika nywele hizo kwa mikono miwili uzitenganishe taratibu kwa upana, kama unayefungua pazia. Usivute kwa urefu. Utaona nywele za kitone cheupe zinachungulia zenyewe. Zivute moja moja au tatu tatu. Ukimaliza kichwa chote, kigawe mafungu sita au manane, na kila fungu ulisokote au ulibane.

Hapo ndipo maji yanaingia, na hapo ndipo swali lako la kavu au mbichi linapojibiwa. Ushauri wa kuchana zikiwa kavu ni mzuri kwa nywele zilizonyooka, kwa sababu unywele uliolowa ni dhaifu na unavutika kama mpira. Unaweza kuvutika karibu theluthi ya urefu wake, na ukizidi hapo haurudi ulivyokuwa. Zetu zina udhaifu huohuo zikilowa, ila zikiwa kavu zina hatari kubwa zaidi: kila mzingo umemkamata mwenzake, na chanuo linahitaji nguvu nyingi kupita. Maji yanalegeza mizingo. Kwa hivyo kwetu sisi ni zikiwa na maji, lakini maji peke yake hayatoshi. Weka kondishona, na uiweke bila uchoyo. Unywele, hasa uliochakaa, una chaji hasi kwenye ngozi yake, na kondishona ina chembe zenye chaji chanya. Zinang'ang'ania kwenye unywele, zinalaza magamba na kuacha utelezi. Mafuta hayafanyi hivyo.

Chukua fungu moja, mengine yaache yamebanwa. Lowesha, paka kondishona, pitisha vidole kuanzia kwenye ncha. Ukishapita sentimita mbili za mwisho bila kukwama, panda juu kidogo, kisha tena, hadi ufike kwenye ngozi. Ukikuta fundo, acha kuvuta. Ongeza kondishona papo hapo, libonye kama unayejaribu parachichi kama limeiva, halafu lifungue kutoka kandokando. Mkia wa kitana chembamba unasaidia hapa: uchomeke katikati ya fundo na ulipanue. Mkono wa pili ushikilie nywele juu ya fundo, upande wa ngozi, ili mvuto usifike kichwani. Zikianza kukauka mkononi mwako, lowesha upya. Usione uvivu.

Vidole vikipita bila kukwama, mwite chanuo. La meno mapana, na ncha kwanza vilevile. Hutasikia ile sauti ya kukatika, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Ukiisikia, rudi kwenye vidole. Chanuo litazoa nywele zilizobaki na utaona zimejipanga kwenye meno. Zitoe, sokota fungu, nenda linalofuata. Ukimaliza yote, ndipo uoshe, fungu kwa fungu likiwa bado limesokotwa, vidole vikienda juu na chini. Usizungushe.

Kuhusu chanuo lenyewe: kabla hujalipa, pitisha ukucha kati ya jino na jino. Mengi ya plastiki yanayouzwa barabarani yana mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na mshono huo unafanya kazi ya wembe. La mbao ni zuri likiwa limepigwa msasa sawasawa. Likiwa na vibanzi, liache. Brashi yenye meno yanayocheza juu ya mpira nainunua bila wasiwasi, lakini inaingia mwisho kabisa, nywele zikiwa zimeshafunguka na zina kondishona. Brashi ya manyoya yaliyosongamana ni ya kulaza nywele za paji la uso unapotaka kuzifunga. Ukiipeleka kwenye fundo unatafuta shari. Na pete vua. Kucha za bandia pia, samahani.

Maji nayo yana neno. Ya ziwa letu huku ni laini, sabuni inatoa povu mara moja. Huko Nakuru wengi mnatumia ya visima, na kama kwenu povu linakataa na ndoo inabaki na utando mweupe, basi utando huo unakaa kichwani pia, hasa ukiosha kwa sabuni ya kipande. Sabuni hiyo inanyanyua magamba kuliko shampuu. Osha kwa shampuu, na suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua kama una tangi.

Wiki kumi zilikuwa nyingi. Mimi mteja wangu namwambia sita, akinibembeleza sana nane. Na kama kwenye paji la uso au kisogoni kuna sehemu imebaki ngozi tupu, inauma au inang'aa, hiyo si kazi ya msusi wala chanuo. Mwone daktari wa ngozi mapema.

Binti sasa. Mtoto wa miaka saba hakimbii chanuo, anakimbia alichofanyiwa mara ya mwisho. Kwa mwezi mzima usimwonyeshe chanuo. Tumia vidole na kondishona peke yake, fungu moja jioni, jingine kesho yake. Mkalishe kwenye kigoda kifupi katikati ya magoti yako, mpe vibanio avishike awe anakuhesabia. Usianzie kisogoni, pale chini shingoni, kwa maana ndipo panapouma zaidi na ndipo penye mafundo kwa sababu ya kola na mto. Anzia utosini. Ukimaliza fungu, lifunge kwa uzi au msuke mabutu manne. Nywele zilizonyooshwa kwa uzi usiku hazijikunji kurudi kwenye mafundo, na mabibi zetu walilijua hilo bila pasi wala blodrai. Alale na kitambaa cha satini. Cha pamba kinanyonya maji na kuzikwaruza.

Mwisho, yale mafundo madogo kama mbegu ya ufuta, unywele mmoja uliojifunga wenyewe. Hayo usihangaike nayo kwa kidole wala sindano. Chukua makasi makali ya nywele, si yale ya jikoni yaliyokata pakiti za maziwa, na ukate unywele huo mmoja juu kidogo ya fundo. Fanya hivyo mchana, karibu na dirisha, zikiwa kavu. Zikilowa huyaoni.