Nawaza Kesho Mpaka Sipati Usingizi, Je Sina Imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi niko huku Hombolo, Dodoma, nina watoto watatu, tuna kashamba ka zabibu na mtama kidogo. Msimu uliopita zabibu tuliuza bei ya kutupa, sasa mwaka huu mvua nayo inanyesha siku moja inapotea, mkopo wa kikoba unanisubiri na mkubwa anaingia kidato cha kwanza. Usiku moyo unaenda mbio, nawaza tu itakuwaje. Nikasema kwenye maombi ya akina mama, mmoja akaniambia hofu ni dhambi huna imani. Tangu hapo hata kuomba naona aibu. Nifanyeje?

JIBU: Amina mwanangu. Huyo mama msamehe ila alichosema usikibebe. Soma Marko 14, Yesu mwenyewe pale Gethsemane alianza kufadhaika sana na kuhangaika, akawaambia wanafunzi wake roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, sasa na yeye tuseme hakuwa na imani? Alienda kuomba akiwa na hofu yake vilevile.

Najua utapewa Mathayo 6, msisumbukie ya kesho, ni neno zuri ila watu wanakatia hapo, mstari unamalizia "yatosha kwa siku maovu yake", yaani hakusema leo haina shida. Hata Baba Yetu tunaomba riziki ya leo, siyo ya msimu mzima.

Mimi ningekupa Habakuki 3 kuanzia mstari wa 17, kasome ukiwa shambani kabisa. Anataja mizabibu isiyo na matunda, mashamba yasiyotoa chakula, zizi halina kitu, utadhani alipita Dodoma mwaka wa ukame! Halafu anasema walakini nitamfurahia Bwana. Hakuahidiwa mavuno. Napenda hivyo kuliko zile za kila Januari "mwaka huu ni mwaka wako wa kuvuna", maana mvua ikigoma unabaki unajilaumu wewe.

Kwa hiyo ukiomba taja vitu kwa majina yake, deni ni shilingi ngapi, sare, madaftari (ada shule ya serikali hakuna lakini hayo mengine tunayajua). Ukitoka kuomba nenda kwa mwenyekiti wa kikoba umwambie mapema kabla siku ya marejesho haijafika, wengi tunajificha ndo riba na maneno vinaongezeka. Na mtama usiuze wote jamani, wa kula ubaki ndani.

Halafu usingizi. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alichoka mpaka akaomba afe, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale tena. Kwa hiyo kula mwanangu, na kama moyo kwenda mbio na kukesha kunaendelea nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo ulivyoniandikia. Wakikupa rufaa ya Mirembe nenda, watu wanaitania ile hospitali lakini ni ya taifa ya afya ya akili na iko hapahapa kwetu, dawa na maombi havigombani.

Maombi ya akina mama usiache, ila mambo yako ya ndani mpe mama mmoja mtu mzima anayejua kunyamaza, mpigiane simu asubuhi muombeane kabla hamjaenda shamba.