Kwa dada wa Ngamiani anayeganda wodini

Pole, mdogo wangu. Umesema nadharia unafaulu, ila wodini msimamizi akipaza sauti unasahau hata dozi uliyoikariri jana, na sasa unataka kuacha chuo. Mimi nilisomea uuguzi hapa hapa Tanga. Mwaka wa pili nililia chooni mara nyingi kuliko nilivyokula kachori.

Akili unayo. Hofu ndiyo inayofunga kumbukumbu. Ukikaripiwa, vuta pumzi polepole mara tatu, ujitajie kimoyomoyo unachohisi: aibu, hasira, woga. Kisha mrudie mgonjwa, msimamizi muache. Mimi nilikuwa nahesabu upumuaji wa mgonjwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukipata 28, toa taarifa mara moja, na hapo fikra zianze: ana homa? Maumivu? Mapafu? Nipime nini tena? Jioni andika kisa kimoja tu daftarini: niliona nini, nilidhani nini, ushahidi uko wapi. Daftari hilo lilinifaulisha kuliko noti zote. Kukariri peke yake hakutakufikisha, niwie radhi.

Dawa usiyo na hakika nayo usimpe mgonjwa, hata ukitukanwa. Uliza. Matusi yakiwa ya kila siku, mpelekee mlezi wa wanafunzi kwa maandishi, tena yenye tarehe.

Hilo la kukosa usingizi umelitaja kama utani. Likizidi wiki mbili, au ukiwaza kujidhuru hata mara moja, usingoje mtihani upite. Muone daktari au mshauri nasaha siku hiyo hiyo.